Weupe Sio Kinga

Kuna uongo ambao tumeusikia mara nyingi hadi sasa tunaurudia wenyewe bila kulipwa: kwamba losheni ya jua ikikuacha na uso mweupe kama mtu aliyeangukiwa na gunia la unga, hiyo ndiyo ishara kuwa inafanya kazi. Wauzaji wanasema hivyo. Mabeste wanasema hivyo. Wale wa video za ngozi, wenye taa ya duara na sauti ya upole, wanasema hivyo pia. "Vumilia tu, hiyo ni zinki. Hiyo nyeupe ndiyo inakukinga."

Hizo ni stori za jaba. Weupe ule haukukingi na chochote. Ni mabaki ya uamuzi wa mtu ambaye hakuwa anafikiria uso kama wako alipokuwa akichanganya hiyo losheni, na kila tunapoambiana "vumilia" tunamwondolea lawama.

Sina digrii ya kemia. Sina digrii ya kitu chochote, niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo usiniite daktari. Lakini ninayosema hapa hayahitaji maabara. Yako nyuma ya chupa kwa maandishi madogo, na kwenye tafiti ambazo mtu yeyote mwenye bando na subira anaweza kuzisoma.

Tuanze na unga wenyewe. Oksidi ya zinki ni unga mweupe usio na harufu. Njia moja kuu ya kuutengeneza ni kuchemsha zinki kwa joto la zaidi ya nyuzi 900 hadi iwe mvuke, kisha mvuke huo uungane na oksijeni ya hewani na kugeuka unga. Sio kitu adimu. Sehemu kubwa ya oksidi ya zinki inayotengenezwa duniani huishia kwenye mpira, hasa matairi. Yaani matatu iliyokupita asubuhi na kukuachia moshi ilikuwa inatembea juu ya madini yale yale unayouziwa kama siri ya warembo. Imo kwenye krimu ya mtoto aliyechubuliwa na nepi. Imo pia kwenye kalamini, ile losheni ya rangi ya waridi uliyopakwa mwili mzima ulipokuwa na tetekuwanga. Hiyo kalamini usiisahau, nitairudia.

Sasa, zinki inakingaje jua? Watu wengi, hata wanaoandika matangazo, watakuambia kwamba chembe zake zinakaa juu ya ngozi kama vioo vidogo na kulirudisha jua lilikotoka. Ni picha nzuri lakini si kweli. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2016 vilionyesha kwamba oksidi ya zinki na mwenzake, dioksidi ya titani, hurudisha sehemu ndogo tu ya miale ya urujuanimno, karibu asilimia 4 au 5. Kazi iliyobaki, karibu yote, ni kufyonza. Zinki inaimeza ile miale, UVB inayochoma na sehemu kubwa ya UVA inayopenya ndani zaidi na kuleta madoa na mikunjo, na kuigeuza joto kidogo tu ambalo hata hulihisi.

Na ule weupe? Huo ni mwanga mwingine kabisa. Miale ya urujuanimno hatuioni kwa macho. Weupe tunauona, maana yake unatokana na mwanga wa kawaida, ule unaotuwezesha kuona, unapogonga chembe kubwa za unga na kutawanyika kila upande. Ndiyo sababu hata chumvi na sukari zinaonekana nyeupe. Chembe za zinki zikisagwa hadi chini ya nanomita 100, mwanga huo hautawanyiki sana, na weupe hupungua huku kazi ya kufyonza ikiendelea. Umoja wa Ulaya uliruhusu rasmi oksidi ya zinki kwenye losheni za jua mwaka 2016, ile ya chembe ndogo ikiwemo, hadi asilimia 25 ya losheni, mradi isiwe ya kupuliziwa hewani mtu akaivuta mapafuni. Kwa hivyo kinga ni kitu kimoja na weupe ni kitu kingine. Vinatokea kwenye unga mmoja, lakini unaweza kupunguza kimoja bila kukitupa kingine. Anayekuambia huwezi, ama hajui ama anauza stoku ya zamani.

Basi swali linakuwa hili: kama weupe unaweza kuondolewa, kwa nini bado uko kwenye chupa nyingi zilizo kwenye rafu zetu?

Jibu rahisi ni kwamba kwa waliotengeneza, haukuwahi kuonekana kama tatizo. Kwa ngozi nyeupe, safu nyembamba ya unga mweupe haionekani sana. Na si kwamba kuna mtu mbaya ameketi mahali akipanga kutuaibisha. Ni kwamba hatukuwa chumbani. Hiyo siisemi kwa hasira tu, imeandikwa kwenye kanuni. Namba ya SPF unayoiona kwenye chupa hupatikana kwa kupaka watu halisi losheni, kuwamulika kwa taa, na kungoja ngozi yao iwe nyekundu. Kiwango cha kimataifa cha kipimo hicho, ISO 24444, kinataka watu wenye ngozi nyeupe au angavu, kwa sababu wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi kama yangu. Yaani kila chupa ya SPF 50 uliyowahi kununua kwa kipimo hicho ilipimwa kwa mgongo wa mtu asiyefanana nawe, na kanuni yenyewe ndiyo iliyokufungia mlango.

Hata ile orodha maarufu ya aina sita za ngozi, inayotajwa na kila mtu anayeuza losheni, ina historia hiyo hiyo. Daktari Thomas Fitzpatrick wa Harvard alipoianzisha mwaka 1975 ilikuwa na aina nne tu, zote za watu weupe. Aina ya tano na ya sita, yaani Waafrika na Waasia walio wengi, waliongezwa baadaye, kama wageni waliofika karamuni chakula kikiwa kimeshagawanywa.

Sasa turudi kwa kalamini. Ndani ya chupa ile kuna oksidi ya zinki, ambayo tumeshasema ni nyeupe. Kwa nini losheni ni ya waridi? Kwa sababu imetiwa oksidi ya chuma kidogo. Oksidi ya chuma ni kutu, ile ya bati la nyumba. Kiasi kidogo tu, na unga mweupe unageuka rangi ya mashavu ya Mwingereza aliyekaa Diani siku mbili. Jaribu kufikiria hilo vizuri. Tangu enzi za bibi zetu kila duka la dawa hapa Kenya limekuwa na zinki iliyotiwa rangi ifanane na ngozi, ila ni ngozi ya mtu mwingine. Ufundi wa kuitia rangi upo, ni wa zamani, ni wa bei ya chini. Oksidi ya chuma ipo nyekundu, ipo ya manjano, ipo nyeusi, na ukizichanganya unapata kahawia yoyote kuanzia ya Lamu hadi ya Lodwar. Foundesheni zote za vipodozi zinatengenezwa hivyo. Suzie Wokabi alianzisha SuzieBeauty hapa hapa Nairobi, vipodozi vya rangi zetu, kwa hivyo usiniambie kwamba kulenga ngozi nyeusi ni sayansi ya kwenda mwezini.

Na hapa ndipo mambo yanakuwa ya kuudhi kweli. Hiyo rangi si pambo. Mwaka 2010 watafiti wa Detroit, Marekani, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba mwanga wa kawaida, ule tunaouona kwa macho, unaweza kuifanya ngozi ya kahawia na nyeusi iwe nyeusi zaidi, na weusi huo ukakaa kwa muda. Kwenye ngozi nyeupe sana waliyoilinganisha nayo haukutokea. Wenye madoa ya melasma au madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi wanaumizwa na mwanga ambao losheni ya kawaida isiyo na rangi haiuzuii vya kutosha, iwe ya zinki au ya aina nyingine yoyote. Kinachouzuia vizuri ni rangi, yaani ile kutu. Losheni ya zinki iliyotiwa oksidi ya chuma ndiyo madaktari wa ngozi wanawapendekezea watu wenye melasma.

Kwa hivyo weka haya mawili pamoja. Watu wanaohitaji zaidi losheni yenye rangi, kwa sababu za afya na si za urembo, ni sisi. Na losheni zenye rangi zinazofika madukani zinaishia kwenye rangi ya chai yenye maziwa mengi. Nyingine zimeandikwa kabisa kwamba rangi yake ni ya watu wote duniani. Nilijaribu moja kwenye duka fulani la katikati ya jiji. Dada wa dukani alinisugua mkononi, tukaangalia pamoja, akakohoa, akasema, "Ikikauka itashika." Ilikauka. Ilishika rangi ya simenti.

Najua kuna mtu anasoma hii akisema: watu hawana unga wa ugali na wewe unalia kuhusu unga wa usoni. Ni hoja ya haki, wacha niijibu.

Shangazi yangu anauza nyanya na vitunguu sokoni. Meza yake haina kivuli kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa. Baada ya kumzaa mtoto wake wa mwisho alitokwa na madoa mashavuni na kwenye paji la uso, na kila mwaka wa jua yakazidi. Aliponiuliza afanye nini nilimpelekea losheni ya zinki, ile ambayo pesa yangu ilitosha. Aliitumia siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta hajaipaka.

"Mwanangu," akaniambia, "wateja wananiuliza kama nimefufuka. Mimi siwezi kuuza nyanya nikikaa maiti."

Alikuwa amejaribu kuipaka kidogo kidogo, ili isionekane. Hapo ndipo weupe unaacha kuwa suala la kujipenda na kuwa suala la kinga yenyewe. Namba ya SPF inapimwa kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi. Kwa uso na shingo ni karibu gramu moja na zaidi kidogo, ule mstari wa vidole viwili ambao umeuona kwenye video. Ukipaka nusu, hupati SPF 50 uliyolipia, unapata kidogo zaidi. Na kila mtu mweusi aliyepewa losheni nyeupe anapaka nusu, au robo, au anapaka kisha anafuta. Losheni isiyoweza kupakwa kwa kipimo chake ni losheni iliyofeli, hata kama maabara ya Ulaya iliipa alama zote. Ni sawa na kumuuzia mtu kofia ya pikipiki ambayo kichwa chake hakiingii, halafu umlaumu kwa kutoivaa.

Na alipoacha ile losheni, shangazi hakukaa hivi hivi. Mita chache kutoka meza yake kuna kibanda kinachouza krimu. Mwenye kibanda hakumwambia avumilie. Alimwambia, "Mama, wiki mbili tu, madoa kwisha." Hiyo ndiyo ambi, ndiyo mkorogo. Nyingi ya krimu hizo zina hidrokwinoni au zebaki, vitu ambavyo KEBS imevipiga marufuku kwenye vipodozi. Zebaki inaharibu figo. Hidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila daktari inaweza kuleta weusi wa kijivu unaokataa kutoka, yaani kinyume cha ulichonunua. Na ngozi iliyochunwa haina kinga yake ya asili, kwa hivyo jua lile lile la saa tisa linaipiga zaidi, madoa yanarudi, krimu inaongezwa. Mzunguko huo wote ungeweza kuvunjwa na chupa moja ya zinki yenye rangi ya uso wa shangazi. Hiyo chupa haipo kwenye soko lake. Ya zebaki ipo, na ni bei ya soda mbili.

Kwa hivyo la, hii sio hadithi ya warembo wa Kilimani. Aliyetengeneza losheni isiyopakika alimwachia mwenye mkorogo wateja.

Kuna kambi nyingine ambayo ni yetu wenyewe, na hiyo ndiyo inanichosha zaidi: wale wa "sisi tuna melanini, hayo ni mambo ya wazungu." Melanini ni kweli. Utafiti wa mwaka 1979 ulikadiria kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi lina kinga ya karibu SPF 13, ukilinganisha na karibu 3 kwa ngozi nyeupe. Ndiyo maana saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni chache sana kwetu. Wanaotutisha kwa saratani ili tununue chupa wanatudanganya pia. Wengine humtaja Bob Marley, kwamba tazama, hata yeye aliuawa na saratani ya ngozi mwaka 1981. Ile yake ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ni ya aina isiyohusishwa na jua. Hakuna losheni ingemwokoa, na kumtumia kuuza losheni ni kukosa adabu.

Lakini kinga ya 13 sio ukuta. Nairobi iko karibu na ikweta na juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,700 na ushee, na kila mita 1,000 unazopanda miale ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10. Kipimo cha miale hiyo hapa hufika 11 na zaidi adhuhuri nyingi za mwaka, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiita cha kupindukia. Kwa sababu kuna baridi hatulihisi. Tunavaa jaketi na kudhani jua limelala. Melanini haizuii melasma. Melanini ndiyo melasma. Haimsaidii vya kutosha mtu mwenye lupasi. Haimsaidii aliyeandikiwa doksisaiklini, dawa ya kawaida kabisa ya chunusi na maambukizi, ambayo huifanya ngozi ichomwe na jua kwa urahisi. Na kuna watu ambao hawana melanini hiyo ya kujivunia.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino Kenya. Kwao saratani ya ngozi ndiyo tishio kubwa la maisha katika nchi za jua kama zetu, na losheni ya jua, pamoja na kofia na mikono mirefu, ni kitu cha kila siku kama maji. Serikali inajua. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hugawa losheni bila malipo kupitia hospitali, na hilo lisidharauliwe, ni zaidi ya wanachofanya majirani wengi. Lakini serikali hiyo hiyo inapofika forodhani inasahau. Mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa unaweka losheni za jua kwenye kichwa namba 33.04, familia moja na poda, lipstiki na rangi ya kucha. Sheria yetu ya ushuru inakitaja kichwa hicho hicho kama vipodozi, na Sheria ya Fedha ya 2022 ikapandisha ushuru wake kutoka asilimia 10 hadi 15. Mkono mmoja unatoa losheni hospitalini kama dawa, mkono mwingine unaitoza bandarini kama lipstiki.

Piga hesabu kidogo. Chupa ya mililita 50 niliyoishika dukani ilikuwa 2,800. Ukipaka kipimo sahihi, inatosha uso na shingo mara 40 hivi. Hiyo ni bob 70 kila ukipaka, na ukiwa nje siku nzima unatakiwa kurudia baada ya saa mbili. Mtu anayeshinda juani anaweza kula pesa ya fea na ya lunchi kwenye shavu lake. Na hayo ni ya uso tu. Mwenye ualbino ana mikono, shingo, masikio na miguu. Unga wenyewe, nakukumbusha, ni ule wa matairi. Bei haitoki kwenye madini. Inatoka kwenye safari, ushuru, na hadithi iliyoandikwa kwenye boksi.

Hadithi yenyewe siku hizi ni "asili." Losheni ya madini ni asili, nyingine ni kemikali. Tumeshaona inavyotengenezwa: mvuke wa metali kwenye tanuru. Zinki ni kemikali, chumvi ni kemikali, na sumu ya nyoka ni asili. Sababu za kuipenda zinki zipo bila ngano hizo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipopitia upya viungo vya losheni za jua mwaka 2019, kati ya 16 vilivyokuwa sokoni ilipendekeza viwili tu vitambuliwe kuwa salama na vyenye kufanya kazi bila kudai data zaidi: oksidi ya zinki na dioksidi ya titani. Zinki inakinga eneo pana la miale. Haiwashi macho kirahisi. Inafaa mtoto na mtu wa ngozi inayochukia kila kitu. Ndiyo maana sikubali lile jibu la haraka, kwamba kama zinki inakufanya mweupe basi nunua losheni angavu isiyo na zinki. Kwa wengi hilo linatosha, na Shontay Lundy alipoanzisha Black Girl Sunscreen kule Marekani mwaka 2016 alichukua njia hiyo na akawafaa watu wengi. Lakini mwenye melasma anahitaji rangi, na mwenye ngozi nyepesi kuwashwa anahitaji zinki. Kwa nini mweusi ndiye aambiwe kila mara achague kingine, na kitu chenyewe kisirekebishwe?

Eti haiwezekani kutengenezwa huku. Vuka mpaka hadi Moshi, chini ya Kilimanjaro. Pale kwenye hospitali ya KCMC kulianzishwa kitengo cha kutengeneza losheni ya jua iitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino, na wanaipata bure. Wafanyakazi ni wa pale pale. Kama Moshi inawezekana, Eneo la Viwanda la Nairobi linashindwa na nini? Rangi yenyewe tumeikalia. Jina Olkaria, ambalo wengi tunalijua kwa bili ya stima, linatokana na neno la Kimaasai la udongo mwekundu. Udongo huo ni mwekundu kwa sababu ya oksidi ya chuma, na Wamaasai na Wasamburu wamejipaka wakiuchanganya na mafuta tangu zamani. Sisemi ukachimbe udongo ujipake. Oksidi ya kwenye losheni husafishwa na kupimwa. Nasema tu kwamba nchi iliyopaka kutu usoni kwa vizazi haiwezi kuambiwa kwamba losheni ya rangi yake ni teknolojia ngeni.

Sasa fanya nini? Kwanza, acha kumwambia mtu avumilie. Pili, ukienda dukani soma viungo: tafuta oksidi ya zinki na asilimia yake, na kama una madoa tafuta pia oksidi za chuma, ambazo huandikwa kwa namba CI 77491, 77492 na 77499. Paka kipimo kizima mkononi, toka nje kwenye jua, angalia. Ikikufanya simenti, irudishe na useme kwa sauti kwa nini. Muuzaji akisikia mara kumi, atamwambia anayemletea. Ya kupuliza usivute pumzi nayo. Na kofia pana ya mtumba ya soo mbili usiidharau, hiyo haina rangi ya watu wote duniani wala haihitaji kurudiwa kila saa mbili.

Kwa wenye viwanda: mna rangi, mna zinki, mna soko la mamilioni ya watu wanaofanya kazi nje. Tengenezeni rangi za kahawia sita, muuze kwa pakiti ndogo kama mnavyouza shampuu na sabuni ya unga, na mpime kwa ngozi zetu, si kwa weupe tu. Kwa bunge: toeni losheni ya jua kwenye kapu la lipstiki. Mbunge anayesema haiwezekani aende akaeleze hivyo tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, mbele ya watu wenyewe.

Nchi hii iliita kazi za watu wake wengi jua kali. Fundi wa Kamukunji anayegonga bati, mama wa nyanya, kijana wa boda, wote wamebeba jua hilo kwenye jina la riziki yao. Na bado ukiingia dukani kuuliza kinga ya jua hilo, unapewa kitu kilichotengenezwa kwa mtu anayekuja kulitembelea kwa wiki mbili halafu arudi kwao.